Kalamu Nene za Kidoti

Nyumbani,
Saa nane mchana, mtoto amelala.

Kwa mwanangu wa kwanza,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa mwili na umetulia moyo, wewe na cherehani yako. Najua msimu wa sare za shule haukupi nafasi hata ya kunywa chai ikiwa ya moto, basi isome kidogokidogo, ila nakuomba uifikishe mwisho. Sisi huku tunasukuma siku. Kifua changu ni kilekile. Daktari kasema miaka arobaini ya kuvuta harufu ya rangi haiondoki kwa chupa moja ya dawa ya kikohozi. Mdogo wako hajambo, bado yuko chumba cha kupigia pasi pale hotelini, anarudi jioni miguu imevimba. Mwanawe, Kidoti, ametimiza mwaka na miezi minane, na ndiye bosi wangu siku hizi.

Ndiyo, mwanangu, kazi ya kulea imeniangukia mimi. Nilidhani kupaka jengo la ghorofa nne peke yangu ndiyo kazi. Kumbe nilikuwa nacheza. Ukimnyang'anya kitu mkononi, kingine kiko mdomoni. Nikikaa nimechoka, nikisimama nimechoka, na mwenzangu ndiyo kwanza anaanza.

Wiki tatu zilizopita nilisinzia kidogo kitini. Kuzinduka, Kidoti kashika rangi ya mdomo ya mdogo wako na kachora ukuta wa sebule kutoka mlangoni hadi dirishani, ukuta nilioupaka rangi mwenyewe mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka. Nusu ya rangi alikuwa ameila. Nilitaka kukasirika, lakini fundi ni fundi: ule mstari ulikuwa haujakatika popote. Nikasema huyu apewe vya kuchorea kabla hajajitafutia vingine.

Mama yake aliniuliza kama mtoto wa umri ule ataweza kushika kalamu asijitoboe jicho. Nikaenda kumwuliza muuguzi wa kliniki siku ya kupima uzito. Alinieleza kwamba mtoto mdogo hapewi kalamu iliyochongwa, wala ya wino yenye kifuniko, maana kifuniko kile ni saizi ya koo lake. Apewe kalamu za nta, nene kama kidole gumba, na boksi liwe limeandikwa kwamba hazina sumu. Apewe mbili tatu, si boksi zima. Achore ameketi, asizurure nazo. Na mtu mzima akae naye palepale, si kumwangalia kwa mbali huku anasoma gazeti. Hilo la gazeti sijui nani alimpelekea habari.

Basi nikanunua. Nikakata maboksi makubwa, nikayabandika sakafuni kwa ule utepe wa karatasi tunaotumia kuzuia rangi isiguse fremu za madirisha. Nikaketi chini, magoti yakilia kama bawaba kavu. Siku ya kwanza alipiga mistari miwili, akaila kalamu ya kijani. Nilimbeba mbiombio hadi kliniki. Muuguzi akatazama boksi, akaniambia nimpe maji nimwangalie tu. Kesho yake nepi ilitoa ushahidi. Sasa ameanza kuelewa. Akitaka kuipeleka mdomoni ananitazama kwanza, nami natikisa kichwa, anairudisha kwenye boksi. Juzi alipiga doa la buluu, akaligusa kwa kidole, akasema, "Babu." Nami nikakubali kuwa ni mimi.

Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya nikuandikie.

Baada ya mambo hayo mdogo wako aliamua nyumba ikaguliwe yote. Siku yake ya mapumziko alitoa makopo yangu ya rangi uvunguni mwa kitanda, akatoa sandarusi za misumari, akatoa visu vya kukwangulia. Nyuma ya mlango wa bafu akakuta chupa ya soda. Ndani mlikuwa na thina, ile ya kuoshea brashi. Niliimimina humo mwezi uliopita baada ya kopo lake kutoboka. Aliifungua, akainusa, akaifunga tena. Kisha kwa ile sauti yake ya kukwaruza akaniambia, bila ubaya wowote, "Baba, usiniwekee hii chini. Unajua dada aliwahi kuiacha, na yaliyonipata."

Nikamjibu kwamba nimesikia. Nikabeba chupa, nikaenda kuifungia stoo ya nje.

Mwanangu, hukuiacha wewe.

Siku ile nilikuwa napaka milango ya nyumba yetu. Mdogo wako alikuwa na umri huuhuu wa Kidoti, na wewe miaka tisa. Thina niliimimina mimi kwenye chupa ya soda, na ni mimi niliyeiweka kwenye kizingiti cha chumba. Wewe nilikuita tu ukaniletee brashi. Uliporudi, mtoto alikuwa keshakunywa. Marehemu mama yako alitoka akipiga kelele, akauliza nani kaweka chupa pale. Ulikuwa umesimama na brashi yangu mkononi. Nikakugeukia nikasema, "Si ungeangalia unachoacha chini."

Ni sentensi hiyo moja. Sikuipanga, ilinitoka, na ilipokwisha kutoka sikuirudisha. Mama yako alikuchapa, nami nimesimama. Miezi miwili ya hospitali, koo likapona, sauti haikurudi, na mimi kila siku nikijiambia nitasema kesho. Ulipokataa nikakuona unakataa. Uliponyamaza nikakuona umeanza kuamini kuwa ni wewe. Mama yako amekwenda kaburini akiamini hivyo. Na ninajua kwa nini hujawahi kumbeba mtoto wa mtu. Ninajua kwa nini Kidoti alipozaliwa ulituma nguo nzuri ulizozishona mwenyewe, ukasema utakuja akishakua. Watu wakasema una roho ngumu, nami nikawaacha waseme.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nimeficha miaka ishirini na sita na nimechoka, lakini sitaki uchoke kwa ajili ya uchovu wangu. Ungeweza kulibeba hili hadi mwisho nami nikafa na heshima yangu. Sikuona tena ni heshima ya nini.

Jana jioni nilimwambia mdogo wako yote. Alikuwa amempakata Kidoti, anamfuta nta kwenye kucha. Alinisikiliza hadi mwisho. Nilitegemea alie au anifukuze chumbani. Akamalizia kucha za mtoto, kisha akasema, "Mimi siku ile siikumbuki, Baba. Dada anaikumbuka. Mwandikie yeye, na usijitetee." Leo asubuhi ameondoka bila kuniaga, na sikumlaumu.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Ukitaka kukaa kimya, kaa. Ukitaka kunitukana, andika, nitasoma kila neno. Lakini alipofika kazini amenipigia simu, amesema maneno machache nikufikishie kama yalivyo: uje, ulale hapa siku utakazo, na asubuhi atakwenda zake kazini amwache mtoto na wewe. Si na mimi. Na wewe peke yako, kutwa nzima.

Nisalimie majirani zako na wote wanaokujali huko. Kidoti anaamka, namsikia.

Ni mimi,
Baba yako, fundi rangi.