Kororo wa Tarehe 14 Agosti

Jang'ombe, Unguja
13 Julai 1957

Kwa kaka yangu Machano,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Tanga, pamoja na shemeji Duni na mtoto. Mimi sijambo, kile kikohozi kimeniacha.

Idi nilikula Uroa kwa wazee. Mama alipika wali wa nazi na kuku wawili, na mazungumzo yakarudi kwenye ndege, kama kawaida ya nyumba yetu. Nilijivuna kuwakumbusha kwamba hakuna watoto pale waliotega kama sisi: wewe na ulimbo wako wa fenesi, ukinasa tetere saba kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani, na mimi na vitanzi vyangu. Kwa mujibu wa shajara yangu, mwaka 1949 tulileta jikoni ndege sitini na wanne.

Kisha Baba akamfikia yule kororo wangu wa tarehe 14 Agosti mwaka ule, ndege wa msituni mkubwa kama jogoo. Unakumbuka nilivyopewa paja mbele ya watu, nawe ukala muhogo mtupu, hata shangazi Time akakuuliza kama wivu unashibisha kuliko kororo. Tangu siku ile Baba anakuita Hasidi. Safari hii pia alisema, huku akicheka, kuwa Hasidi amesusa hata Idi, na hii ni ya tatu. Mama hakucheka.

Nikaacha kula. Kaka, ulipokuwa ukimnyonyoa uliona shingo imekatwa na damu haikutoka. Ulinivuta uani ukaniuliza kama nilimkuta hai, nami nikakuapia wallahi. Niliapa uongo. Asubuhi ile nilikawia pwani nikiogelea. Nilipofika mtegoni kitanzi kilikuwa kimemkaba, naye keshapoa. Nilitaka sifa, nikakata shingo ya kibudu, kitu haramu kuliwa, na bismillahi nikaisoma. Katika shajara niliandika tu: kororo mmoja, nimemchinja mwenyewe.

Niliyasema yote palepale kwenye sinia. Shangazi Time akajifunika uso kwa kanga. Baba alinawa. Kisha akasema waliokula bila kujua hawana dhambi, lakini yeye anayo, kwa jina alilokubandika miaka minane, wewe uliyekubali kuchekwa ili mimi nisipigwe. Ameniamuru nikuandikie kwamba anakuomba radhi. Sijapata kumsikia akimwomba radhi mtoto wake.

Nami naomba unisamehe. Nilijivunia ndege yule bure. Ndugu wa kujivunia nilikuwa naye sinia moja.

Baba anasema usipoweza kuja, atakuja yeye Tanga, na unajua bahari inavyomtapisha. Keshaniuliza meli inaondoka siku gani. Nimemwambia asubiri jibu lako, akasema hana subira hiyo.

Mama anakusalimu sana. Mpakate mtoto kwa niaba yangu.

Ndimi mdogo wako,
Mcha