Jicho la kushoto la Neema

Jumatano

Neema ana wiki tisa, kliniki tumekwenda mara tatu, na leo ndiyo mara ya kwanza mtu kummulika mwanangu machoni. Mara mbili za mwanzo walimpima uzito tu, wakaandika anaendelea vizuri.

Nesi wa leo alizima taa, akawasha kitochi chake. Jicho la kulia liling'aa jekundu. La kushoto lilikuwa jeupe.

"Baba Neema, hili hamkuwahi kuliona?"

Nililiona. Miaka kumi na moja napeleka watalii kwenye mbuga za Ololosokwan, usiku nawatambulia wanyama kwa macho yao yanavyong'aa kwenye tochi. Nilipoliona la mwanangu nilicheka, nikamwambia mke wangu, "Umenizalia chui."

Ijumaa tunakwenda kwa daktari wa macho. Mlangoni nesi aliniambia mimi peke yangu kwamba huenda ni mtoto wa jicho, huenda ni uvimbe, na uvimbe haungoji. Mke wangu anajua la kwanza tu.

Jioni nilimfunika Neema jicho la kulia kwa kiganja. Akalia. Nikaondoa mkono, akanyamaza. Nikafunika la kushoto, hakujali. Nikarudia mara tatu.

"Unamfanya nini mtoto?" mama yake akauliza.

"Tunacheza," nikasema.