Maneno ya Baba Ndani ya Sanduku

S.L.P. 214,
Molo.
9 Juni 2025.

Mpendwa ndugu yangu Kigen,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Natumaini wewe, Sue na mtoto mko wazima. Sisi tunaendelea, ila magoti ya Mama yanamsumbua asubuhi. Mvua haijatuacha, na mahindi yamefika magotini.

Uliniuliza kama ile SSD, kile kidiski chembamba cha kasi ulichotutumia, imeongeza kasi ya NAS, lile sanduku la kuhifadhia picha na video zetu. Nitakujibu kwa ukweli.

Kwa kutazama, haikusaidia. Video za Krismasi ziliendelea kukwama. Kumbe shida ilikuwa Wi-Fi kushindwa kupenya kuta zetu za mawe. Nilipovuta waya hadi kwenye televisheni zilicheza vizuri, SSD iwepo isiwepo. Picha tunazofungua kila mara ndizo zilikuja upesi kidogo. Ndugu yangu, ulitupa mbio tusizozihitaji.

Lakini kuingiza faili kulikuwa kwa haraka ajabu. Haraka haraka haina baraka, na mimi nimeyaona.

Unakumbuka Baba alivyoniomba nimrekodi kwa simu wiki moja kabla ya kutuacha, Mama akiwa shahidi. Alisema sehemu ya shamba iliyo kando ya chemchemi ni yangu, niolewe nisiolewe. Akakataza maneno hayo yasitembee kwenye simu za watu kabla ukoo haujakaa. Basi Alhamisi nikaihamishia video kwenye sanduku. Iliingia kabla sijaketi vizuri. Nikaifuta kwenye simu, nikajiona mtoto mtiifu.

Sikukwambia kwamba siku nilipofunga SSD, onyo lilitokea: ukiruhusu faili mpya zikae kwanza kwenye SSD moja pekee, ikifa zitapotea. Nilibonyeza ndiyo. Nilitaka kasi. Alhamisi hiyo hiyo stima ikapotea, ikarudi kwa kishindo, na taa ya sanduku ikawa nyekundu.

Nililibeba hadi Nakuru kwa Nasir, fundi wa kompyuta. Alilifungua, akakagua diski moja moja.

"Dada, picha za zamani ziko sawa," akaniambia. "Lakini hii ya mzee ilikuwa bado kwa SSD, haikuwa imeshuka kwa disk kubwa. Na SSD imekufa. Usiwashe tena."

Ni kama gunia lililoachwa barazani likisubiri kuingizwa ghalani, na mvua ikanyesha. Nimelia, Kigen. Sanduku nimemwachia Nasir; anajua mtu Nairobi anayeweza kujaribu kuifufua SSD, ila hajaahidi chochote.

Jana baba mdogo Kiplangat alikuja. Alikataa chai, jambo ambalo hajawahi kulifanya nyumbani kwetu. Akasimama mbele ya rafu ambapo sanduku hukaa, akaangalia ile nafasi tupu.

"Jepkemei, hiyo video ya mzee bado iko?" akauliza. "Sisi tunataka kusikia na masikio yetu. Maneno ya mama yako pekee hatutachukua."

Nilimwambia iko. Alitabasamu. Leo asubuhi nimekuta nguzo nne mpya za ua zimesimikwa kando ya chemchemi, na mbwa wetu hataki kuzikaribia.

Mama hajui kwamba video imepotea. Tafadhali usimwambie kwa simu, moyo wake si wa kupewa habari hivyo. Tafuta kwenye kompyuta yako, tafuta kwenye simu ya zamani, labda Baba mwenyewe aliwahi kukutumia hata kipande. Ukoo unakaa Jumamosi hii saa nne.

Msalimie sana Sue, na umbusu Cheruto mdogo. Mungu awafunike huko mliko, na atukumbuke sisi pia.

Mama anakusalimu. Amekwisha kupanga viti sebuleni. Changu ameniwekea mbele kabisa, karibu na televisheni, ili nimsikie Baba vizuri.

Ni mimi dada yako, nikupendaye daima,
Jepkemei