Mstari wa Maziwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako upesi, maana binti yangu Nabila anaolewa Ijumaa ya wiki ijayo hapa Koboko na mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba haifai. Kwetu kabla ya nikaha lazima ukoo utazamwe, zamani ilikuwa kazi ya wazee, sasa Asuman mtoto wa kaka yangu ametengeneza programu ya kompyuta, kila mtu ananing'inia chini ya mama yake kama jani kwenye tawi, ukiuliza juu ya watu wawili inapanda matawi kutafuta wanapokutana. Akaingiza jina la bwana harusi, Nasuru, na la marehemu mama yake, Bushira wa Arua, nikalitambua jina, kwa sababu Bushira alikuwa jirani yangu, na alipolazwa hospitali ya Kuluva mimi nilimnyonyesha huyo mtoto siku arobaini pamoja na Sulaiti wangu, halafu tukahama, tukapotezana. Kompyuta ikasema hawana undugu, watu wakapiga vigelegele. Nikamvuta Asuman pembeni, "Na mtu akiwa na mama wawili?" Akacheka, "Shangazi, hapa nafasi ya mama iko moja tu. Ukileta wa pili, mashine inakataa." Nikajiambia labda inajua kuliko mimi niliyeishia darasa la nne, na tena Nabila alikuwa hajazaliwa. Lakini sasa nikilala naona majina yetu yakielea juu ya mji kama vimulimuli, yameungana kwa nyuzi za rangi nyingi, na uzi mmoja mweupe unatoka kifuani mwangu, unakwenda polepole hadi kwa yule kijana, inapendeza sana kutazama, kisha naamka nalia. Binti yangu ana furaha, mshauri. Ninyamaze?

Mama Sulaiti, Koboko

Mama Sulaiti, pole. Lakini toka nyuma ya hiyo kompyuta! Haikuona njia kwa sababu hakuna aliyeionyesha, na mwenye kuijua ni wewe. Na hilo la Nabila kuwa hajazaliwa, usijidanganye nalo: aliyenyonya kwako ni ndugu wa wote uliowazaa, wa kabla na wa baada. Umelijua tangu madrasa.

Leo mwite Nabila peke yake, umwambie kwa kinywa chako. Akikufokea, usiondoke. Kesho nenda kwa sheikh, atakuuliza mtoto alikuwa na miezi mingapi, alinyonya mara ngapi. Ujibu bila kupunguza.

Asuman mwambie ukoo si mti. Kila mtu awe kama kituo, na kati yao ipite mistari mingi, kila mmoja na jina lake: amezaa, amenyonyesha, ameoa. Mashine itembee mistari yote, ikumbuke ilikopita isizunguke bure. Kisha apite nyumba kwa nyumba awaulize akina mama, maana hayo hayakuandikwa popote.

Halafu Nasuru. Kijana huyo anapoteza mchumba, na usimwachie habari hiyo mlangoni. Mwingize ndani, mpakulie chakula, umweleze mama yake alikuwa mtu wa namna gani. Labda hakuna mwingine aliyebaki wa kumwambia.