Sauti ya Mbwa Zimamoto

Jumamosi, 3 Julai 1993
Nimechuna chai hadi saa nane. Nikaoga, nikaenda holi. Kiplangat alikuwa ameshatundika shuka na kuwasha projekta. Katuni ni ile ile ya zamani, nyeusi na nyeupe: mbwa wa kofia anayezima moto, na moto wenyewe una miguu, unamkimbia. Filamu haina sauti. Sauti ni mimi. Nasimama kando ya shuka, nabweka, nalia kama moto, namtukana mbwa kwa Kiswahili na Kikipsigis. Watoto wa laini, nyumba zetu wachuna chai, walianguka chini kwa kicheko.

Desemba wazee wa Kiplangat wanakuja kwetu kuniposa. Nina furaha. Koo linauma.

Jumatano, 7 Julai
Mama amelazwa hospitali ya Longisa. Pumu. Naenda kesho. Kiplangat anasema bila mimi hakuna katuni Jumamosi. "Nani atabweka?" Nilicheka kidogo.

Jumatatu, 12 Julai
Mama anapumua vizuri. Nimerudi. Pale bombani binti wa jirani kaniambia, "Auntie Chebet, juzi ulibweka vizuri sana."

Juzi nilikuwa Longisa.

Anasema nilitoka kwa spika. Kumbe Kiplangat alinirekodi. Kwa kaseti, bila kuniambia.

Jumanne, 13 Julai
Nimemfuata. Hakukana hata. "Sasa hutajichosha," akasema. "Kaseti haina mama hospitalini."

Amesema hivyo. Mtu niliyetaka kuzaa naye.

Jumamosi anaipeleka katuni mjini Sotik. Na mimi je? "Wewe si una chai ya kuchuna?"

Sikulia. Nilitamani kumpiga kofi.

Jumamosi, 17 Julai
Nimekwenda Sotik. Ukutani jina lake, herufi kubwa. Langu hakuna. Ndani kumejaa hadi mlangoni. Nikasimama nyuma. Mbwa akabweka, na ni mimi. Watu wakacheka pale pale nilipopanga wacheke.

Nikapaza sauti: "Huyo ni mimi!" Hakuna aliyegeuka. Nikabweka. Nilibweka kweli, mtu mzima, mbele za watu.

Mama mmoja aliyepakata mtoto akanigeukia, bila ubaya wowote. "Nyamaza, dada. Tunasikiliza."

Kiplangat aliniona. Akainamia rekoda, akaongeza sauti.

Jumatatu, 19 Julai
Kazini. Nimemchukia. Nimejichukia pia, sijui kwa nini, sijakosa kitu.

Jumapili, 25 Julai
Nyumbani. Mama ametoka hospitali, amekonda. Nimemwambia Desemba wazee wasije. Akaniangalia. Akavuta ungo, tukachambua mboga ya managu.

Baadaye akasema, "Hebu niambie kitu cha kuchekesha." Nikasema leo sina.

"Basi nitasema mimi." Akaanza habari ya ng'ombe wa marehemu baba aliyeingia kanisani katikati ya sadaka. Anasimama kupumua, anaendelea. Sikuwahi kuisikia hiyo.