Inchi Mbili za Pindo

12 Januari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, ingawa shangazi ameniambia kwamba salama yako siku hizi ni ya kushikilia kuta. Mimi ni mzima. Kazi ipo na chakula kipo.

Miaka sita ni mingi. Sitaki kuanza na yale tuliyoambiana mlangoni siku ile. Ulimi hauna mfupa, na wangu siku ile haukuwa na mfupa kama wako tu. Nimeandika kwa sababu shangazi anasema masikio yako yanavuma hadi simu husikii, na kizunguzungu kinakuangusha njiani, na wasiokujua wanadhani umelewa. Anataka ufunge duka la cherehani ukakae barazani kwake.

Nina wazo. Hapa karakana, huku ughaibuni, tunaunda baiskeli za magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma. Mtu haipandi, anaikalia. Anakaa chini karibu na ardhi, ameegemea kama yuko kwenye kiti cha uvivu, miguu imenyooshwa mbele kwenye pedali. Hata kichwa kikizunguka, chombo hakiangushi mtu. Nataka nikuundie moja kwa mikono yangu.

Nahitaji kipimo kimoja tu. Vua viatu, kaa sakafuni, mgongo ukutani, nyoosha mguu. Mtu apime kutoka ukutani hadi chini ya kisigino. Pedali ziko kwenye bomba la mbele, na urefu wa bomba hilo unafuata mguu wa mwenyewe. Tafadhali upimwe mwili, siyo kukisia.

Wako,
Binti yako


30 Januari

Binti yangu Bi Spana,

Marahaba. Barua yako nimeipokea na nimeisoma mara tatu, mara ya kwanza nikiwa nimesimama, ndiyo maana ilibidi nikae. Afya yangu si haba. Nikilala ni mzima kabisa, shida inaanza nikitaka kuwa binadamu.

Shangazi yako hajaongeza chumvi. Kutoka nyumbani hadi dukani ni mwendo mfupi, wewe unaujua, lakini siku hizi nakwenda kwa ukuta, kisha nguzo, kisha ukuta tena, na pale penye uwanja wa wazi nasubiri mtu wa kunishika mkono. Shangazi yako ana huruma, ila huruma yake ina kufuli. Nikikaa kwenye baraza lake nimekwisha, mwanangu. Mimi sijui kitu kingine zaidi ya kupima watu na kuwashonea. Duka likifungwa, mzike tu huyu mzee.

Kwa hiyo huo mkokoteni wako wa wavivu ulete. Kipimo ni inchi arobaini na mbili kamili. Na usinifundishe kupima. Nimepima miguu ya mji huu mzima tangu hujazaliwa, na hakuna suruali yangu iliyowahi kurudi.

Ni mimi,
Baba yako


17 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Habari za masikio, na kichwa? Mimi sijambo, mikono tu imepasuka kwa grisi.

Chombo kimeondoka leo kwenye sanduku refu. Bomba nimelifunga kwa bolti mbili kwa kipimo chako, na mnyororo nimeukata kulingana nalo. Sasa nisikilize, ujifanye mimi ndiye fundi mkuu na wewe umekuja jana.

Funga breki kabla hujakaa. Kiti kiwe nyuma yako, ushuke taratibu mpaka utulie, ndipo unyanyue mguu mmoja mmoja kwenye pedali. Ukiweka miguu kwanza utaanza safari bila kukusudia. Usukani uko chini, kando ya nyonga. Usiukabe, vidole viwili vinatosha, kwa sababu ukiuvuta kwa hasira chombo kinayumba. Kona punguza mwendo, mwili uuegemeze upande unaokata. Anzia uwanja wa wazi, siku tatu, kabla ya barabara. Bendera ya nyuma usiing'oe hata kama inakuchekesha, ni ya wenye malori wakuone.

La muhimu kuliko yote ni miguu. Ukisukuma pedali hadi mwisho, goti libaki limekunjika kidogo. Likinyooka kabisa, au ukiwa unasukuma kwa ncha za vidole, ujue bomba liko mbali. Usiendeshe. Niandikie, nitakueleza jinsi ya kulirudisha nyuma na kupunguza pingili za mnyororo. Na mikanda ya pedali uifunge kila siku. Mguu ukichomoka chombo kikiwa kinakwenda, ardhi inaushika na chombo kinaupanda. Nimeona mtu mmoja huku, sitaki kuona wa pili.

Wako,
Binti yako


22 Aprili

Binti yangu Bi Spana,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, na safari hii sisemi kwa adabu tu.

Sanduku lilifika, seremala wa jirani akanisaidia kulifungua. Siku ya kwanza nilikaa vizuri, nikashindwa kutoka. Seremala alicheka hadi akakaa chini, tukawa wawili wa kunyanyuliwa. Siku ya pili nilizunguka uwanja mara moja. Siku ya tano nilikwenda dukani. Mbwa wa mlinzi alinikimbiza, akafika sambamba, tukaangaliana, akasimama. Nadhani hajawahi kumwona mtu mzima wa kimo chake.

Nilifika dukani bila kugusa ukuta hata mmoja. Nilifungua mlango mwenyewe. Kichwa kilikuwa kinazunguka kama kawaida yake, lakini hakikuwa na pa kuniangushia. Nilikaa kwenye cherehani nikalia kidogo, kisha akaja mteja nikasema ni vumbi.

Kipimo kimekaa sawasawa. Goti linakunjika kama ulivyosema. Nimeweka mto mgongoni kwa ajili ya starehe tu, na nyuma ya mapaja panauma, ila hayo ni mambo ya uzee. Mikanda inanibana, nitaizoea. Kazi ya mikono yako ni safi. Nimeliandika hilo mara moja, usinidai nilirudie.

Baba yako


9 Mei

Baba yangu kipenzi,

Shikamoo sana. Barua yako nimeibandika ukutani karakana, pale kwenye ile sentensi nimepiga mstari. Msimamizi aliniuliza inasemaje, nikamtafsiria. Ijumaa akanipa meza yangu mwenyewe ya kazi. Wanawake wawili tu wamewahi kupewa meza hapa. Nakwambia wewe kabla ya mtu yeyote.

Lakini baba, mto wa nini? Kiti kile hakihitaji mto. Anayeweka mto mgongoni ni mtu anayetaka kusogezwa mbele, na anayetaka kusogezwa mbele ni asiyefika. Na maumivu ya nyuma ya mapaja ni ya kunyoosha mguu kupita kiasi, nimeyasikia kwa wateja mara nyingi. Mikanda je, unaifunga?

Nijibu neno moja tu: unafika au hufiki? Na ulikaa sakafuni kweli siku ile ya kupima? Sitaudhika. Bolti mbili tu, baba, ni kazi ya nusu saa.

Binti yako


14 Agosti

Binti yangu,

Natumaini hujambo. Nisamehe kwa ukimya. Barua hii naiandikia kitandani, hospitali, wodi ya mifupa, kwa hiyo usishangae mwandiko.

Juni, kwenye ule mteremko kabla ya duka, mguu wa kulia ulichomoka kwenye pedali. Mikanda sikuwa nimefunga. Chombo kiliupanda kama ulivyosema. Umevunjika mara mbili chini ya goti, wameweka vyuma. Baadaye kidonda kiliharibika, wakafungua tena. Daktari anasema nitatembea na magongo, lakini na kichwa hiki, magongo ni ya kuangukia tu.

Shangazi yako amefunga duka. Cherehani ziko kwake, zimefunikwa shuka.

Usiwe na mawazo. Mambo hutokea. Chombo ni chombo.

Baba yako


29 Agosti

Baba,

Shikamoo. Nakuombea upone. Sijui niandike nini.

Hufiki. Ulikuwa hufiki, na mimi niliona kwenye barua yako, nikaandika barua nyingine badala ya kupanda ndege. Nimerudia hesabu zangu zote za bomba lako. Kwenye karatasi zinakubali, na wewe hukosei kipimo, kwa hiyo kosa lilikuwa mkononi mwangu, wakati wa kufunga. Sikumbuki kulipima mara ya pili. Nilikuwa na furaha siku ile, nilikuwa naimba.

"Chombo ni chombo." Nimekuelewa, baba. Umesema kwa upole kuliko siku ile mlangoni, uliposema mikono yangu haikuumbiwa chuma na kwamba siku moja nitamlemaza mtu. Nilikuchukia miaka sita kwa neno hilo.

Nimemwambia msimamizi naacha. Amekataa, amesema nifikirie hadi mwisho wa Septemba. Kila baiskeli inayopita mezani kwangu naiona imempanda mtu. Kama kuna lolote unalokumbuka, lolote, kuhusu jinsi kilivyokaa siku ya kwanza, niandikie kabla ya hapo.

Binti yako


19 Novemba

Mwanangu,

Nakusalimu, na sijui kama nina haki ya kuuliza afya yako. Mimi niko kwa shangazi yako, barazani.

Nisome hadi mwisho. Siku ile ya kupima sikukaa sakafuni. Nikikaa sakafuni sinyanyuki peke yangu, na sikutaka kumwita mtu aje anione hivyo. Nilifungua daftari langu la wateja, ukurasa wangu mwenyewe, nikanakili mguu. Kumbe kwenye daftari lile sijawahi kuandika mguu wa mtu. Naandika kitambaa cha kukata. Kila mguu nimeuongezea inchi mbili za akiba ya pindo, miaka thelathini na minane, hadi mkono umesahau kuwa unaongeza. Mguu wangu ni inchi arobaini. Nilikutumia suruali.

Siku ya kwanza niliona pedali ziko mbali. Nilidhani umekosea wewe. Nikajiambia, huyu mtoto nilimkosea kwa mdomo, safari hii nitaufunga. Nikaweka mto. Mikanda ikawa inanivuta nyonga, nikaiacha wazi. Nilijiona baba mwema kweli. Mficha maradhi kifo humuumbua, mimi nimeumbuliwa na mguu.

Sasa lile baya zaidi. Mtaalamu wa mazoezi alikuja kunipima miguu yote miwili, akasema kwa sauti, "Huu mzima, inchi arobaini." Hapo hapo nikajua. Ilikuwa tarehe moja Septemba. Barua yako niliipokea siku nane baadaye. Muda ulikuwepo.

Kila asubuhi nilisema leo nitaandika. Lakini watu walikuwa wanakuja wodini kunitazama, wananiletea salamu, wanasema mji mzima hakuna anayepima kama mimi. Duka halipo, miguu haipo, kusikia hakupo. Kimebaki hicho tu, na nilikuwa nakishika kwa kukuacha wewe ubebe. Septemba ikaisha. Baada ya hapo nikaona aibu ya kuchelewa, nayo ikaongezeka juu ya ile ya kwanza.

Mikono yako haikukosea. Ulifanya hasa nilichokwambia. Mwambie msimamizi, mwonyeshe barua hii, nimeweka na sahihi chini. Rudi kwenye meza yako, mwanangu. Nakuomba.

Baba yako


8 Desemba

Baba,

Shikamoo. Barua yako ilipelekwa karakana, ndipo ikaletwa huku. Siku hizi nafanya kazi ya kufua mashuka, ghorofa ya chini ya hoteli. Mashine kubwa, mvuke mwingi, hakuna anayeumia nikikosea.

Msimamizi nimemtafsiria yote. Alifunga macho kidogo, akasema anasikitika. Meza ina mtu mwingine tangu Oktoba, kijana mzuri, mwenye familia. Akaniambia nikitaka nije jioni moja nijaribu kumsaidia na gurudumu, bila masharti. Nilikwenda. Nilishika spana, nikafika kwenye bolti, mkono ukaiweka chini. Kichwa kinajua kwamba sikukosea, mkono haujaambiwa. Niliishi miezi mitatu nikiamini kwamba nimemlemaza baba yangu, na sijui jinsi ya kuitoa imani hiyo mwilini.

Inchi mbili nimekusamehe siku hiyo hiyo, kabla sijafika mwisho wa ukurasa. Yale ni mazoea ya kazi, hata mimi ninayo. Mto pia nimekusamehe, na nimeulilia, kwa sababu ulikuwa wa kunipenda.

Lakini baba, barua yangu uliipata tarehe tisa Septemba. Barua kutoka kwako hadi kwangu huchukua siku kumi. Nimehesabu nikiwa nakunja mashuka, nikiwa kwenye basi, nikiwa najaribu kula. Kila nikihesabu, inafika kwa wakati.

Kwa sasa usiniandikie. Shangazi ataniambia habari za mguu wako. Chombo kipo bado, na seremala ana spana. Alegeze bolti mbili za chini ya bomba, alirudishe nyuma inchi mbili, kisha apunguze mnyororo hadi usining'inie. Mguu ukipona utafika vizuri. Ufunge mikanda.

Mwanao