Tanuri la Pili

Mbumbuni, 9 Machi 2024

Kwa Mama Mbinya,

Habari za Kyuso? Mgongo unaendeleaje? Mimi ni mzima. Nimekupigia simu hushiki, ndiyo nikaandika. Barua nampa dereva anayekuja kuchukua ndengu huko.

Tangu tumzike Mbinya ni wiki tatu. Watu wananiuliza kwa nini nilirudi kuoka mikate kesho yake. Saa ya kukanda ilifika, nikakanda. Wateja wakinipa pole nasema asante, nafunga mkate, nawapa. Sijalia, Mama. Nakuambia kwa sababu naona si vizuri.

Tanuri tulijenga wawili, mimi na yeye. Upande wake wa biashara nifanye nini nao?

Mwanao,
Kaveke

Kyuso, 2 Aprili 2024

Kaveke,

Salamu nimepata. Mgongo ni ule ule.

Mbinya nilimwambia asiache kufundisha shule ya nasari. Akasema, "Mama, nataka kitu changu." Kama hangekuwa amebeba mikate kwa pikipiki asubuhi ile, lori lingepita bila kumpata. Nikilisha mbuzi nafikiria hilo tu. Sitaki upande wowote. Funga hiyo kazi. Usiniandikie tena.

Mama Mbinya

Mbumbuni, 14 Julai 2024

Mama,

Natumaini hujambo, hata kama ulinikataza kuandika.

Sikufunga. Shule mbili zimeomba mikate, na nimeandika kazi Eunice na Nduta, wa kanisa letu. Biashara inakua, nami naiangalia kama ya jirani.

Kuna neno lilinishinda kusema mazishini. Asubuhi ile, akifunga kreti ya mikate kwa pikipiki, Mbinya aliniambia, "Mwaka huu tujenge tanuri la pili, Kyuso. Mama na wenzake waoke wenyewe, waache kungoja mkate uliokaa siku tano."

Nimeona ni lako, si langu kukaa nalo.

Kaveke

Kyuso, 3 Agosti 2024

Kaveke mwanangu,

Umeamkaje? Mimi nipo.

Barua yako jirani yangu Kalekye alinisomea mara mbili. Jana tulianza kubeba matofali ya ile nyumba iliyoanguka. Tuko wanawake sita. Njoo utuonyeshe.

Mama

Kyuso, 22 Septemba 2024

Kaveke mwanangu,

Ulifika salama? Na Eunice na Nduta, wazima?

Tanuri ulilotujengea limekauka. Jana tuliwasha. Mikate ya kwanza iliungua chini, juu ikabaki mibichi. Kalekye akasema tuwape mbuzi. Nikasema hapana, tukakata. Nilikula kipande changu nikiwa nimesimama. Ningetaka kukuambia nilisikia kitu. Nilisikia chumvi imezidi.

Halafu wakaniuliza nani atapeleka sokoni tukishajua kuoka. Wote walikuwa wanaangalia chini. Nikasema mimi, kwa miguu.

Jumatano tunakanda tena. Niandikie kipimo cha chumvi.

Mama yako